Tiketi ya Juu

Mlima ukifunguka, bei ya bustani ya Kilele hupanda; ukijifunika, hushuka. Hivyo ndivyo watu wote kuanzia Kiganjo hadi Naro Moru walivyolielewa jambo hilo, ingawa meneja Theuri alijikausha koo akieleza kwamba mlima hauhusiki hata kidogo. Kuna kompyuta, alisema, nayo huhesabu watu waliolipia kwa simu na walio kwenye foleni; wakiwa wengi inapandisha, wakiwa wachache inashusha. Ni kweli. Lakini ni nini kinachowafanya wenye magari wakate kona ghafla barabarani na kumiminika Kilele, kama si mlima kuvua mawingu yake na kusimama pale mweupe, ukitaka kutazamwa? Kwa hiyo watu hawakukosea. Walichokosea ni kumlaumu Ngendo.

Bei yoyote duniani inahitaji mtu wa kutukanwa, na pale Kilele mtu huyo alikuwa Ngendo wa dirisha la tiketi. Kilele ni bustani ya michezo, mkono wa kulia ukitoka Nyeri kwenda Nanyuki. Ina bembea, ina treni ya watoto, ina maboti ya bwawani, na ina Gurudumu, lile kubwa la kuzunguka na viti vyake, ambalo likikufikisha kileleni unaona mlima wote, kuanzia msitu hadi barafu, bila kichwa cha mtu mbele yako. Watu huja kwa ajili ya Gurudumu. Hayo mengine ni ya kuwanyamazisha watoto. Juu ya dirisha la Ngendo kulikuwa na ubao wenye taa tatu. Nyekundu ikiwaka, ubao ulisema TIKETI YA JUU. Ya njano ilisema TIKETI YA KATI. Ya kijani, TIKETI YA CHINI. Ngendo aliketi chini ya taa hizo, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye mwili wa kujaza dirisha na sauti ya kujaza uwanja wa Ruring'u, akipokea malalamiko kama mtu anayepokea wageni.

"Kwani hii mlima ni yenu?" Mzee Wamae, mwenye duka la mabati na misumari mjini Nyeri, alimfokea siku aliyowaleta wajukuu. "Ngai aliiweka hapo bure. Nimeiona bure tangu nizaliwe. Leo ati ikionekana, mimi naongezewa?"

"Mzee, mlima bado ni bure," Ngendo akamjibu. "Geuka tu uangalie, hata hapo umesimama. Unalipia kiti."

Mzee Wamae akageuka kweli, akautazama mlima kwa muda mrefu kama mtu anayekagua mali yake, akarudi akalipa huku amenuna. Kuna watu hujua kucheka na kununa kwa wakati mmoja, na yeye ni mmoja wao.

Vijana wa Ruring'u walikuwa na mbinu yao. Walifika mapema, wakaketi kwenye nyasi nje ya lango, wakaanza kuliombea wingu. Jumamosi moja mhubiri aliyekuwa na watoto wa Sunday school aliwakuta wakiliimbia wingu lije upesi, akawagombeza vikali. "Mnaomba utukufu wa Mungu ufunikwe ndio mpate kupunguziwa bei?" Kijana mmoja akamjibu kwa heshima zote, "Lakini Pastor, na wewe si umekaa hapa na sisi tangu asubuhi?" Mhubiri akasema yeye anapumzika tu. Taa ya kijani ilipowaka alikuwa wa kwanza dirishani, watoto wakimfuata mbio.

Naye Bile, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Nanyuki, hakuuliza swali lolote. Alikuja na mkewe Sabirin na watoto, akausoma ubao, akacheka. "Hii ni soko ya mbuzi," alimwambia mkewe. "Kabla ya Idi, mbuzi iko na bei ya ng'ombe. Idi ikipita, hata ukipea mtu bure anakuuliza kama ni mgonjwa." Tangu siku hiyo akawa anakuja Jumanne tu, taa zikiwa kijani kibichi, akijiona amemshinda mtu, na Ngendo alimpenda kwa sababu hiyo.

Lakini wengi walikuwa na kosa moja, na ni kosa ambalo nadhani lingefanywa na watu wetu pekee. Waliona bei inapanda na kushuka, wakaamua kwamba basi inaongeleka. "Ikiruka-ruka hivi, si unitolee kitu kidogo?" Kwa watu wa milima hii, bei iliyo na miguu lazima iwe na masikio. Ukimwambia mama wa soko la Karatina kwamba bei inabadilika lakini haibishaniwi, anakutazama kama uliyemwambia kwamba mvua imenyesha bila maji.

Na hapo ndipo Ngendo alipokuwa na shida kubwa kuliko wateja wote, kwa sababu mama yake mzazi alikuwa na msimamo huo huo.

Mama yake aliitwa Watiri, muuza ndizi wa Mukurweini tangu Ngendo hajazaliwa. Kwa kubishania bei hakuwa na mwenzake. Inasemekana wauza viazi walikuwa wakimwona kwa mbali wanafunika magunia. Jembe la kununuliwa kwa dakika moja, Watiri alilinunua kwa asubuhi nzima, na muuzaji alibaki akijiuliza kama ameuza au ameibiwa. Hata hivyo alikuwa na sheria yake, na aliifuata kama amri ya kanisani: mali hubishaniwa, kazi hulipwa. Mkunga, mchimba kaburi, mwenye pikipiki aliyembebea mikungu ya ndizi kwenye utelezi wa Mukurweini, hao wote Watiri aliwalipa walichosema, papo hapo, bila kufungua mdomo. Kumpunguzia mtu jasho lake, alisema, ni kumwambia hakutoka jasho.

Ngendo alipewa jina la nyanya yake, mama mzazi wa Watiri. Kwa desturi ya Wakikuyu mtoto wa namna hiyo si binti tu, ni yule nyanya aliyerudi. Kwa hiyo tangu utotoni Watiri alikuwa akimwita maitu, yaani mama yangu. Maitu, niletee maji. Maitu, umechoka? Alipokosa adabu, na Ngendo hakuwa malaika, aliitwa Ngendo, na hapo alijua kumeharibika.

Alipoacha ndizi na kwenda kuketi Kilele, aliitwa Ngendo. Ikapita wiki, akaitwa Ngendo. Ikapita Krismasi mbili, bado Ngendo.

"Unakaa ndani ya sanduku," Watiri alimwambia, "unauza hewa, na hata bei unaambiwa na chuma. Kama huwezi kubishana, hiyo si biashara. Na kukaa tu si kazi. Sasa ni nini?"

Ngendo angesema nini? Kwamba anaipenda? Aliipenda kweli. Aliwapenda watu walivyoingia wamekunja uso na kutoka nywele zimesimama, wakicheka kama walevi. Alipenda hata kutukanwa, kwa sababu alijua kurudisha, na anayetukana akajibiwa vizuri hurudi tena. Lakini Watiri alikuwa amekwishaanza kuumwa miguu, na kibanda cha ndizi kilihitaji mtu. Mkaza mwana wake Anita, mke wa mwanawe Waweru, alikitamani na alikuwa akikifagia kila asubuhi bila kuombwa. Watiri akakataa kumpa. Alikuwa akimwekea Ngendo. Mwishowe akatoa uamuzi wake kwa simu, na akishatoa uamuzi hakuna wa kuubatilisha.

"Nitakuja nijionee na macho yangu. Nikiona ni kazi, Anita achukue kibanda. Nikiona si kazi, jioni hiyo unapanda gari na sisi turudi nyumbani."

Utasema mwanamke wa arobaini na kitu angeweza kukataa. Wewe humjui Watiri. Na hata kama angeweza, Ngendo hakutaka kushinda kwa kukataa. Alitaka kuitwa maitu tena. Ni hilo tu alilolitaka, na alilitaka hadi likamkosesha usingizi.

"Sisi" ya Watiri ilikuwa kikundi chake cha kina mama, Tuinuane. Walikuwa wamechanga mwaka mzima kwa ajili ya safari hiyo. Ngendo akawatumia ujumbe ambao Kilele huwatumia wateja wote, wakajichagulie siku: JUMATANO TIKETI YA CHINI. JUMAMOSI TIKETI YA JUU. Akawaza, hapo hakuna la kukosea, hata mtoto ataelewa. Jumatano akavaa blauzi mpya, akatazama lango tangu asubuhi. Hawakuja. Alipopiga simu, Watiri alisema tu, "Tunakuja Jumamosi," akakata.

Jumamosi hiyo mlima ulifunguka kuliko siku yoyote mwaka huo. Hakukuwa na wingu hata la kufutia jasho. Kufikia saa tatu foleni ilikuwa imepita maegesho, taa nyekundu inawaka, na bei ilikuwa imepanda mara mbili na zaidi ya ile ya Jumatano. Ndipo gari la kukodi likaingia, wimbo ukitangulia, na wakashuka kina mama wa Tuinuane wakiwa na vitambaa vya kichwa vya rangi moja, viondo vyao vimejaa nduma za kuchemsha na chupa za chai. Mbele yao Watiri, mdogo, mkavu, amesimama wima kama mti wa kuanikia nguo.

Alifika dirishani akasema kwa Kiswahili. Ngendo akainua kichwa. Mama yake alizungumza Kiswahili sokoni tu, na kwa watu asiowajua.

"Habari ya kazi. Nipatie ya juu. Ya watu wote hawa."

Ngendo akamtajia bei. Nyuma ya Watiri kina mama wakavuta pumzi pamoja kama kwaya. Pesa ya kikundi ilitosha nusu yao tu. Watiri hakushtuka, macho yake yaling'aa. Alikuwa amefika mahali anapopajua.

"Hiyo ni bei ya kwanza," alisema. "Sasa sema ya mwisho."

"Maitu, hakuna ya mwisho. Ni hiyo."

"Rakini juzi mtu alilipa ingine. Na kesho atalipa ingine. Sasa hiyo yangu mimi iko wapi?"

Foleni ikaanza kunung'unika, kisha ikatulia, kwa sababu watu walitambua kwamba hiki kilikuwa kitu cha kutazamwa bure. Meneja Theuri akatoka ofisini, kijana mwenye shati lililopigwa pasi na adabu ya kumwita kila bibi kizee shosho.

"Wewe ndio mwenye bei?" Watiri akamgeukia.

"Mimi ni meneja, shosho. Bei inawekwa na kompyuta."

"Basi niitie huyo kompyuta niongee na yeye."

"Haongei, shosho."

"Haongei na anauza?" Watiri akawatazama watu wa foleni, akiwaomba wawe mashahidi. "Kijana, hata mwizi huongea."

Watu wakacheka hadi wa nyuma kabisa, ambao hawakusikia, wakacheka kwa sababu wa mbele walicheka. Theuri naye akacheka. Ngendo pekee hakucheka. Alitoa kichwa nje ya dirisha, akauliza lililokuwa likimtesa tangu Jumatano.

"Maitu, kwa nini mmekuja leo? Si niliwatumia message? Jumatano ilikuwa ya chini."

"Tuliisoma. Anita alitusomea. Tukakataa."

"Mlikataa?"

"Sisi ni watu wa chini?" Watiri aliuliza. "Kahawa nimechuma nikiinama. Ndizi nimepanga chini. Nimelima chini, nimekaa chini, na nikifa mtaniweka chini. Sasa nichange mwaka mzima, nipande gari, nije hapa kulipia kukaa chini niangalie wengine wakipanda? Tulipiga kura. Wote tukasema ya juu."

Ngendo alijishika uso kwa mikono miwili. Hebu nawe rudi juu uusome ule ujumbe tena, useme ukweli wako, kama Watiri alisoma vibaya au waliouandika ndio walioandika vibaya.

"Maitu," alisema akiwa ndani ya viganja vyake. "Ya chini ni bei. Si mahali. Ukilipa ya chini unaenda juu, juu ile ile, kwa Gurudumu ile ile."

Anita akajifunika uso kwa leso. Kisha mama mmoja mnene wa Tuinuane akaangua kicheko kilichomkalisha chini, na aliposema, "Ndiyo hii sasa nimekaa ya chini," wote wakaanguka. Walicheka hadi wakashikana mabega. Theuri alikuwa akifuta machozi kwa tai. Hata Watiri mdomo wake ulicheza pembeni, ingawa alikaza uso upesi.

Theuri akapendekeza nusu yao wapande, nusu wangoje siku nyingine. Kina mama wakamtazama kama mtu aliyependekeza wamkate mtu vipande. Chama kiliitwa Tuinuane. Hakikuitwa Tuinue Nusu. Vijana wa Ruring'u wakawaita kutoka kwenye nyasi: "Shosho, kujeni hapa! Tunangoja wingu!" Wakaenda wakaketi nao, viondo vikafunguliwa, nduma zikazunguka, na vijana ambao hawakuwa wameonja chai walikuta vikombe vimejaa mikononi. Baada ya muda mfupi kina mama walikuwa wakiimba nao wimbo wa wingu, kwa sauti nne.

Watiri peke yake hakuketi. Alisema jua linamchoma, akaja akasimama kando ya dirisha, kwenye kivuli, mikono ameikunja. Ngendo aliuza tiketi huku shingo inamwasha. Alijua kilichokuwa kikipimwa pale.

Na siku yenyewe haikumsaidia. Akaja bwana mmoja wa Nairobi, miwani myeusi kichwani, akapiga meza. "Jana usiku nimeangalia kwa simu ilikuwa bei ingine! Huu ni wizi wa mchana!"

"Jana usiku ulikuwa kitandani, bwana," Ngendo akasema, "na wateja wengine pia walikuwa wamelala. Sasa wote mmeamka pamoja. Watoto wako na njaa ama wako na haraka?"

"Wako na haraka."

"Basi wewe ni mtu wa nyekundu. Wangekuwa na njaa ningekuambia wakule kwanza, ungojee kijani."

Bwana akaguna, akatazama watoto wake wakiruka-ruka, akalipa. Akiondoka alisema asante bila kukusudia.

Akaja kijana na msichana aliyeitwa Sophie. Jina hilo kijana alilitamka kila baada ya maneno mawili, kwa hiyo yeyote angejua kwamba hiyo ni mara yao ya kwanza kutoka pamoja. Alipoiona bei, uso ukamsawijika. Sophie alikuwa akitazama Gurudumu, hakuona. Ngendo akainama, akashusha sauti yake ile ya uwanja hadi ikawa ya kitandani kwa mgonjwa. "Mpeleke pale kwa chai. Mwambie kwanza unataka kuongea na yeye mkiwa chini. Hiyo wingu haitachelewa." Kijana alimwangalia kama mtu aliyetolewa mtoni.

Akaja mwingine akatukana. Akaja wa tatu akamuuliza kama hana haya. Akaja mama aliyetaka kumpitisha mvulana mwenye ndevu kwa tiketi ya mtoto. Kila mmoja alipata neno lake, wala hakuna neno lililofanana na lingine. Na foleni ikasonga, wala hakuna aliyegeuza gari.

Saa sita zikikaribia, mlima ulianza kujivuta shuka. Kwanza kilele, kisha mabega. Nyasi yote ikasimama na kushangilia kama uwanjani timu ya nyumbani imefunga bao. Magari yakapungua. Taa ikawa njano, wimbo ukapanda. Ikawa kijani, na Tuinuane na vijana wa Ruring'u na Sophie na mwenzake wakaja mbio dirishani, wengine na nduma mkononi. Watiri akalipa kwa pesa za kikundi bei ya kijani, lakini kwanza, kwa ajili ya heshima yake, alimuuliza Ngendo kama hiyo ndiyo ya mwisho. Ngendo akasema ndiyo. Watiri akasema haya.

Gurudumu likawabeba. Hawakuona mlima hata kidogo. Waliona wingu, mabati ya Kiganjo, mashamba yaliyokunjwa kama nguo za kanisani, na barabara ikienda Nanyuki na magari yakitambaa kama siafu. Haikuwapunguzia chochote. Kila kiti kilipofika kileleni vigelegele vilitoka, na mama yule mnene aliwapungia mkono watu wa chini akiwaita kwa majina ambayo si yao. Waliposhuka, Anita alikuwa na kiatu kimoja. Cha pili kilipatikana bwawani, ndani ya boti, kikimngoja.

Walizunguka kwa treni ya watoto, wakabembea, wakala, wakapiga picha na Theuri katikati yao kama bwana harusi. Ngendo aliwaona kwa mbali tu, maana dirisha haliachwi. Mchana mzima mama yake hakumrudia.

Jioni ikakaribia. Dereva akapiga honi. Kina mama wakapanda mmoja mmoja, na Ngendo akajikuta ameuvuta mkoba wake kutoka chini ya meza na kuupakata. Hakujua kwa nini. Labda mkono ulikuwa unajitayarisha. Alikiangalia kiti chake, rundo la karatasi za tiketi, na kikombe chake chenye sikio lililovunjika. Watiri alikuwa na mguu mmoja kwenye gari.

Ndipo mlima, kama unavyofanya wakati mwingine jua likianza kuinama, ukafunguka. Ukafunguka wote kwa ghafla, barafu yake imegeuka rangi ya kitunguu. Barabarani magari yakaanza kukata kona. Njano, halafu nyekundu: TIKETI YA JUU.

Watiri akaushusha mguu.

Alitembea hadi dirishani bila haraka, watu wakampisha, kwa sababu wengi wao walikuwepo asubuhi na walijua kitakachofuata. Theuri alitoka ofisini kabla hajaitwa. Vijana wa Ruring'u wakasogea. Watiri akafungua fundo la kitambaa chake, pale alipofunga pesa zake mwenyewe, za ndizi.

"Hii ni ya juu?" aliuliza.

"Ni ya juu, maitu," Ngendo akasema. Akamtajia bei. Ilikuwa kubwa kuliko ya asubuhi.

Watu wote wakangoja. Hata dereva aliacha honi. Watiri akafungua mdomo, akaufunga. Akazihesabu noti taratibu, akaziweka mbele ya binti yake, zote, akazinyoosha kwa kiganja.

"Shosho," Theuri akashindwa kujizuia, "leo hubishani?"

Watiri akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto wa wenyewe asiyefunzwa.

"Nimesimama hapa nusu siku. Nimemwona akitukanwa na watu hata siwezi kuhesabu, na hakuna hata mmoja alienda nyumbani. Mimi mtu akinitukana anaenda zake, na ndizi inabaki." Akageuka garini, akapaza sauti. "Anita! Kibanda ni yako. Rakini mlango uurekebishe."

Kelele zilizotoka kwenye gari hilo zilisikika, naamini, hadi Nanyuki. Watiri hakuzijali. Alichukua tiketi yake, akaishika kwa ncha za vidole, akaisoma mbele na nyuma ingawa hakuwa na miwani.

"Asante ya kazi," alisema kwa Kiswahili cha soko. Kisha kwa sauti ndogo, na kwa lugha ya nyumbani, akaongeza, "Usilie mbele ya wateja, maitu."

Akaenda zake kwenye Gurudumu. Ngendo alimfuata kwa macho yaliyojaa maji hadi kiti kilipoinuka na kitambaa kile cha kichwa kikawa alama ndogo dhidi ya mlima. Mkoba ulikuwa bado mapajani. Akaurudisha chini ya meza kwa mguu.

Mbele yake palisimama mteja mpya, bwana wa kutoka safarini, amekunja uso, anatazama ubao.

"Madam, kwani imepanda tena? Iko juu?"

"Iko juu," Ngendo akasema, akicheka na kujifuta machozi kwa nyuma ya mkono. "Mama yangu pia yuko huko."